Darubini ya Kupigia Nyani

Meneja mpya alitaka mikia. Aliyemtangulia alikuwa akitaka mahindi tu, na mahindi alikuwa akiyapata. Huyu alikuja na suruali zake zilizonyooshwa kwa pasi, akasimama kwenye baraza ya ofisi ya shamba pale Tezo, akamwambia baba yangu mbele ya wafanyakazi wote: "Mzee, risasi za shamba si fataki za Krismasi. Kila ukipiga nataka mkia wa nyani uning'inie hapa kwenye waya. Mavuno haya yakiisha sijaona mkia, nitatafuta mlinzi anayejua kulenga."

Baba akasema, "Ndiyo, bwana."

Mimi sikuwepo, nilisimuliwa na mama. Nashukuru sikuwepo, kwa maana mdomo wangu haujawahi kungoja ruhusa. Baba alikuwa amefanya kazi ile miaka kumi na minne. Kabla ya hapo alikuwa askari, na alitoka bara kuja pwani na mke, mtoto mmoja na sanduku la bati. Kuambiwa maneno yale na mtu aliyezaliwa wakati yeye tayari anavaa buti za jeshi, halafu ajibu "ndiyo, bwana", ni jambo ambalo mpaka leo likinijia naweza kuacha chakula.

Lazima nieleze jinsi nyani walivyokuwa wakifukuzwa, la sivyo hasira yangu itaonekana ya bure. Shamba lilikuwa la mikorosho, na kati ya mikorosho na kichaka palilimwa mahindi. Mahindi yakianza kukomaa, nyani walishuka kila asubuhi. Basi wanawake wa shambani walijipanga mstari upande wa barabara, kila mmoja na debe lake, wakaingia ndani ya mahindi wakipiga madebe na kuimba, wakiwasukuma nyani kuelekea kichakani. Kati ya mahindi na kichaka palikuwa na uwanja uliofyekwa, na ukingoni mwa mahindi palipandwa safu ya mikonge. Baba alikaa ng'ambo ya uwanja ule na bunduki. Nyani akivuka mikonge na kutoka peupe, baba alikuwa na haki ya kupiga. Wanawake wakifika kwenye mikonge walisimama hapo hapo. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote, na hakuna aliyewahi kuumizwa.

Mama yangu alikuwa katika mstari ule. Kila asubuhi ya mavuno mama alitembea kuelekea kwenye mtutu wa bunduki ya mume wake, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu mume wake alikuwa anaona.

Meneja aliibadilisha desturi hiyo. Alisema nyani akishatoka peupe anakimbia mno, ndiyo maana mzee anakosa. Apigwe akiwa bado ndani ya mahindi, ametulia anakula. Baba akasema kwa macho matupu mtu hawezi kutenganisha vitu ndani ya mahindi, labda kwa darubini ya bunduki. Meneja akamjibu kwamba darubini ni mapambo na shamba halinunui mapambo, lakini akitaka kujinunulia, asizuiwe.

Hapo ndipo mimi nilipoingia. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Malindi, wale walimu wa kushikilia darasa bila kwenda chuo, na nilipanga chumba Kisumu Ndogo. Nilikuwa nimejiwekea akiba ya kununua cherehani. Mwezi wa nane shule ilipofungwa baba akaja mjini akiwa amevaa shati lake la kanisani, jambo ambalo lilitosha kunijulisha kuwa kuna shida.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Tangu utotoni baba huniita mama. Akakaa kwenye stuli, akakisifu chumba changu, akaniuliza habari za wanafunzi. Nilimwekea chai. Alipapasa meza kidogo kabla ya kupata kikombe, nami nikadhani amechoka. Mwishowe akasema, "Nataka unisaidie kununua darubini. Isiwe ya bei kubwa. Ya katikati."

Hakuna kitu baba alichowahi kuniomba kabla ya siku hiyo. Niliitoa ile akiba chini ya godoro bila kufikiri mara mbili, na kwa hilo peke yake sijilaumu. Najilaumu kwa yaliyofuata.

Palikuwa na duka moja mjini lililouza mishipi ya kuvulia, ndoana kubwa za kuwakodishia watalii, na miwani ya jua. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kimalindi, mpole, mwenye kofia safi na sauti ya kubembeleza. Ndani ya kabati la kioo, nyuma ya magurudumu ya mishipi, alikuwa na darubini tatu za bunduki zilizokaa hapo miaka.

"Hizi ni za wale wawindaji," alituambia. "Uwindaji ulipopigwa marufuku waliziuza, wakenda zao. Mimi nimezihifadhi, hata chumvi ya bahari haikuzigusa. Karibu, mzee wangu. Wataka ya kuvuta mbali ama ya kuonyesha kweupe?"

"Ya kuona ndani ya mahindi asubuhi," baba akasema.

"Basi usidanganywe na ukubwa." Akatoa ile ya kwanza, ndefu, nzito, ambayo unazungusha shingo yake ili ivute zaidi au kidogo. Akataja bei, nami nikatazama pembeni. "Hii huvuta sana, lakini yavuta na mtetemo wa mkono wako pia. Ukiikuza mno, nyani aliye karibu huoni nyani, waona manyoya." Akatoa ya pili, nyeusi, imechubuka ubavu, haikuzi zaidi ya mara nne. "Hii ndiyo ningelichukua mimi. Yakusanya mwanga, na yaonyesha mahali papana." Ya tatu ilikuwa ndogo na inang'aa. Akaishika kwa vidole viwili na kusema hiyo ni ya bunduki za upepo za watoto wa kizungu. Bunduki ya kweli ikirudi nyuma mara tatu nne, vioo vyake vitalegea.

Mimi nilikuwa nimefurahi. Nilipenda jinsi mzee yule alivyojua kazi yake. Niliona jambo ni rahisi: ya kwanza hatuiwezi, ya tatu ni upuuzi, tutachukua ya pili tukale wali.

"Haichaguliwi ndani ya duka," akasema. "Twende barazani. Hebu itie jichoni, mzee. Jicho lirudishe nyuma kidogo, usilibandike. Bunduki ikirudi itakukata nyusi."

Baba akaielekeza ng'ambo ya barabara. Akatazama muda mrefu.

"Ina ukungu," akasema.

Mwenye duka akaichukua, akapuliza vioo, akavipangusa kwa kitambaa, akatazama mwenyewe. Akamrudishia.

"Bado ina ukungu."

Akaletewa ile ndefu. Nayo ina ukungu. Akaletewa hata ile ya watoto, nayo pia, tena zaidi. "Joto la pwani limeziharibu zote," baba akasema, na sauti yake ilikuwa na uchungu ambao sikuuelewa. Nikaichukua ile nyeusi mkononi mwake nijionee mwenyewe huo ukungu.

Hapakuwa na ukungu. Ng'ambo palikuwa na mpiga picha amekaa mlangoni mwake, na niliona vishikizo vya shati lake, kimoja kimekatika na kushonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Niliona nzi kwenye fremu ya mlango. Nikaishusha ile darubini nikamtazama baba usoni, jua likiwa limempiga kwa mbele, na kwa mara ya kwanza nikaona mboni zake. Zilikuwa na weupe, kama maziwa kidogo yaliyotiwa ndani ya maji.

Baba alihisi nimenyamaza. Hakuwa mjinga. Akaichukua tena, akaitia jichoni, akasema kwa haraka, "Aa, sasa naona. Nilikuwa sijaizoea. Naona vizuri sana. Hata kibao pale nakisoma." Na akakisoma kwa sauti, neno baada ya neno: fundi wa suti, nguo za harusi na sare za shule.

Fundi wa suti alikuwa amehama tangu mwaka uliopita. Kibao kilikuwa kimepakwa rangi upya na kuandikwa kwamba hapa hupigwa picha za kitambulisho. Baba alikuwa akisoma kibao cha kichwani mwake.

Mwenye duka alijua. Mimi nilijua. Tulitazamana, yeye na mimi, juu ya bega la baba, na lile jibaba lenye kofia safi likainamisha kichwa kidogo kwa adabu na kusema, "Barabara kabisa, mzee wangu. Macho yako yangali ya kijana."

Namchukia kwa sentensi hiyo. Najua aliisema kwa wema, najua alifikiri anamsitiri mtu mzima mbele ya binti yake. Namchukia hivyo hivyo. Kama angesema, "Mzee, tatizo si kioo," baba angekasirika, angeondoka, na mimi ningekuwa na pa kuanzia. Badala yake akamfungia kila mlango kwa maneno matamu, na wote tukabaki ndani.

"Mama, hii nyeusi," baba akaniambia.

Nami nikatoa pesa.

Nimejieleza mara nyingi tangu siku hiyo. Nimejiambia kwamba barazani walikuwa wamesimama watu wengine wawili wakingoja mishipi. Nimejiambia mtoto hamwambii baba yake "wewe huoni" mbele ya watu, na kwamba nilipanga kuzungumza naye njiani. Njiani hakuniachia nafasi. Aliibeba darubini kifuani, imefungwa kwa gazeti, akazungumza zaidi kutoka Malindi mpaka Tezo kuliko alivyozungumza mwaka mzima. Tulipopita Matsangoni alinionyesha kwa kidole mahali alipowahi kumwona nyati, nami nikatazama, nikasema ndiyo. Mtu akifurahi namna ile, ukimkata unaonekana mchawi. Kwa hiyo nikasema ndiyo, ndiyo, mpaka tukafika.

Weupe ule unaitwa mtoto wa jicho, na daktari huutoa. Mimi mwalimu nilikuwa nimelisoma jambo hilo kwenye kitabu cha sayansi na kulifundisha darasani kwa chaki. Pesa nilizoziweka kwenye kaunta ile zingempeleka baba kwa daktari wa macho na kumrudisha. Siandiki haya ili nionewe huruma.

Jioni ile jua likiwa bado juu nilimkuta mama nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi. Nilikaa nikamwambia yote, ukungu, kibao, mboni. Nilitegemea aangushe bunzi lake la mahindi. Hakuangusha. Alimaliza kulipukuchua, akachukua jingine.

"Tunajua," akasema.

"Nani mnajua?"

"Sisi wa mstarini. Sote."

Walijua tangu mavuno ya mwaka juzi. Asubuhi moja risasi ilivuka mikonge ikatoboa debe la mwanamke mmoja Mgiriama, mkubwa wao, tuliyezoea kumwita mayo, yaani mama kwa lugha yao. Debe alikuwa amelishika kifuani. Mayo alilitazama tundu, akalifunika kwa kiganja, akaendelea kutembea. Hakumwambia baba, wala baba hakujua risasi ilikwenda wapi, lakini lazima alihisi kitu, kwa sababu tangu siku hiyo hakupiga nyani tena. Upande wake wa kushoto palikuwa na kichuguu kikubwa. Kila wanawake walipokaribia mikonge, yeye alikigeukia kichuguu kile na kukipiga. Nyani walisikia mlio wakakimbia, na mahindi yakapona. Wanawake waliliona vumbi likiruka kichuguuni asubuhi baada ya asubuhi. Wakaelewa. Wakaanza kuimba kwa sauti zaidi, bila kuacha hata nafasi ya kumeza mate, ili masikio yake yajue daima wapo wapi. Waliupanga wimbo uanze huku na kuishia kule, na mama akawekwa mwisho wa mstari, kwa maana sauti yake baba hawezi kuikosea.

Misimu miwili baba alidhani anawaficha. Misimu miwili wao walimficha kwamba wanajua. Adabu tupu kila upande, na katikati bunduki.

"Na hakuna hata mmoja aliyemwambia?" nilimuuliza mama. Sauti yangu ilikuwa imeshapanda.

"Nani amwambie? Umwambie mwanamume kama yule kwamba macho yake yamekufa? Na hii nyumba ni ya kazi. Kazi ikienda, nyumba imekwenda."

"Kwa hiyo mtakufa kwa adabu."

"Shusha sauti."

"Sishushi. Alikuwa anapiga kichuguu, mama. Sasa meneja anataka mikia. Sasa baba atapiga ndani ya mahindi, na nyinyi mko ndani ya mahindi."

Mama akaacha kupukuchua. Hapo nikajua kwamba hilo alikuwa amelifikiria peke yake, tena kwa siku nyingi. "Tutaimba," akasema. "Ana masikio."

"Basi wewe usiende."

"Nisipokwenda, wenzangu watauliza kwa nini. Nitawaambia nini, kwamba naogopa mume wangu, nyinyi nendeni?"

Nikasema nitakwenda kwa meneja. Mama akanitazama kwa macho ambayo sikuwahi kutazamwa nayo. "Nenda," akasema. "Ukirudi hutatukuta." Nilisimama pale nikiwa na hasira na kila mtu aliyekuwa hai: na meneja na mikia yake, na mwenye duka, na mama, na mayo na debe lake lililotobolewa, na baba kuliko wote. Halafu sikwenda. Mtu mwenye mdomo kama wangu, ambaye aliwahi kumjibu mkaguzi wa shule, alikaa chini akasaidia kupukuchua mahindi.

Nyumba tuliipoteza hata hivyo. Nalisema sasa ili mtu asifikiri tulikuwa na kitu cha kuokoa.

Siku iliyofuata baba aliifunga darubini. Pete zake zilikuwa pana kidogo kwa bunduki ile, akakata vipande vya ngozi ya kiatu kizee akavichomeka, akakaza skrubu kwa sarafu. Kazi hiyo aliifanya kwa kupapasa, na aliifanya vizuri kuliko wengi wenye macho. Kisha tukaenda kwenye kile kichuguu kuisawazisha. Alipachika kifuniko cha debe kinachong'aa, akarudi nyuma hatua themanini, akalala kifudifudi.

"Uniambie risasi inaangukia wapi," akasema.

Nilimwambia. Kulia shubiri mbili, na chini. Akazungusha kile kidude cha pembeni kwa kucha. Kulia kidogo. Akazungusha tena. Risasi ya tano ilikipiga kifuniko karibu na katikati, kikalia, na watu wawili waliokuwa wakitazama kutoka kwenye mikonge wakapiga makofi. Kifuniko kilikuwa kinawaka kwa jua. Hata mtu aliyefumba macho nusu angekiona. Baba aliinuka akajipangusa magoti, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, jinsi alivyotabasamu nilipofaulu mtihani wa kumaliza shule.

Bunduki ile haikuwa imewahi kupiga sawa kiasi hicho, na mimi ndiye niliyeisawazisha. Ningemwambia kushoto palipo kulia, angeiharibu, isingempata mtu yeyote. Nilimwambia ukweli wa kila risasi, na ule mmoja uliokuwa na maana nikaumeza.

Kesho yake asubuhi nilifuatana naye. Hakutaka, alisema hapo si mahali pa mwanamke. Nikamwambia wanawake ishirini wako upande wa pili, mmoja zaidi hatamuudhi mtu. Nilikaa nyuma yake, mgongo wangu kwenye mti. Bunduki aliilaza juu ya mfuko wa mchanga. Meneja naye alikuja kujionea, akaegemea gari lake mwisho wa uwanja, na kikombe cha chuma cha chai mkononi.

Mstari ulipokuwa unajipanga ng'ambo, meneja akamtuma mnyapara akawape wanawake amri. Nilimsikia mwenyewe akisema. Waingie kimya. Wasipige madebe wala kuimba, kelele zinawatoa nyani mbio. Watembee polepole mpaka mikongeni ili mzee apate nafasi ya kulenga.

Nilimtazama baba. Alikuwa amelisikia kila neno. Hapo alikuwa na nafasi ya kusimama na kusema, "Bwana, bila wimbo siwezi." Maneno manne tu hayo, na asingeniachia mimi miaka hii yote ya kujilaumu. Akalibandika shavu lake kwenye kitako cha bunduki.

Wakaingia kimya. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Majani ya mahindi yalisugua, ndege mmoja aliita, na nyani dume akabweka mahali fulani katikati. Nilikuwa nikitazama kwa macho yangu matupu, nikiinua na kushusha shingo. Niliona kundi la nyani upande wa kulia, mbali, wakubwa watatu na wadogo, wakila. Baba hakuwa ameelekea huko. Mtutu wake ulikuwa unasogea taratibu kushoto, ukasimama.

Nikafuata ulikoelekea. Hatua kama sitini hivi, safu ya tatu ya mahindi, palikuwa na kitu cha rangi ya udongo kimeinama, mgongo juu. Kilitikisika. Kilikuwa kimeinua mguu mmoja na kuushika kwa mkono. Leso ya kazi ya mama ilikuwa imefuliwa mpaka haina rangi, na mwiba ulikuwa umemwingia unyayoni, na kwa kuwa ameamriwa kimya hata "aah" hakuitoa.

Kidole cha baba kilikuwa kimeshaingia ndani ya kifyatulio. Pumzi alikuwa ameikata, jinsi alivyonifundisha mwenyewe kwamba mtu hukata pumzi anapokuwa na hakika.

"Baba," nikasema. "Huyo ni mama."

Sikupiga kelele. Hata leo sijui kwa nini sikupiga kelele. Nilisema kama vile namwonyesha mtu anayepita barabarani.

Kidole kikatoka. Kilitoka polepole. Hakuniuliza kama nina hakika. Aliondoa jicho kwenye darubini, akatazama mbele kwa macho yale yaliyotiwa maziwa, akitafuta.

Kutoka mwisho wa uwanja meneja akaita, "Mzee, unangoja nini? Piga."

Baba alivuta komeo la bunduki nyuma, risasi ikaruka ikaanguka majanini. Alikuwa amenipa mgongo aliposema.

"Ulijua."

"Ndiyo, baba."

"Tangu kule dukani."

"Ndiyo."

Meneja aliita tena, na safari hii alikuwa ameanza kuja.

"Na ukalipa," baba akasema.

Nilifungua mdomo wangu huu ambao haujawahi kungoja ruhusa, na haukutoa kitu. Mama alikuwa ameshauchomoa mwiba. Alisimama wima kati ya mahindi, akajifunga leso yake vizuri, akaanza tena kutembea kuja upande wetu, kimya kimya kama alivyoagizwa, na baba akanisogezea bunduki nimshikie.